Nilivyocheka Msibani kwa Baba Mkwe

Kama unasoma haya kwa sababu uso wako umelala upande mmoja, au umelala wa mtu wako, vuta kiti. Habari za mishipa ya fahamu sitakueleza. Daktari wako atakuchorea kwenye karatasi kama wangu alivyonichorea, utaitikia kwa kichwa, na ukifika getini utakuwa umesahau yote. Mimi nitakueleza yale ambayo sikuelezwa. Kwamba chai itatokea pembeni ukiwa mbele za watu. Kwamba utajing'ata shavu kila mlo, kwa sababu shavu halijui tena kujiondoa njiani. Kwamba watu wataanza kukuongelesha kwa sauti kubwa, kana kwamba yaliyopooza ni masikio. Na kwamba uso ukirudi, unaweza kurudi na balaa lake.

Naitwa Kabula. Ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea Mkuyuni, Mwanza, na kabla ya ugonjwa nilijulikana kwa mambo mawili: sare za shule zisizofumuka, na mdomo. Mdomo kwa maana ya maneno. Nilikuwa mtu wa kucheka na wateja, wa kuwatania wale wanaonenepa kisha wanasingizia kitambaa kimerudi.

Ilianza kama punje ya hindi mbele ya sikio la kulia. Haikuuma, nikaiacha. Msimu wa mpunga ukapita, ikawa kama tunda la ndulele. Hospitali ya rufaa wakanipima, wakaniambia uvimbe umekumbatia mshipa unaochezesha uso, na kwamba ili watoe uvimbe wote huenda wakalazimika kuutoa na mshipa wenyewe. Waliniambia kwa Kiswahili, taratibu, wakarudia. Nikatia saini. Kwa hiyo sina wa kumlaumu, na hilo nalo lina uchungu wake, maana mtu ukiwa na wa kumlaumu unapata pa kushika.

Nilipozinduka, mume wangu Masanja alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alinitazama, kisha akatazama dripu. Aliitazama ile dripu muda mrefu mno. Nikajua.

Upande wa kushoto nilikuwa bado Kabula. Upande wa kulia nilikuwa nguo mbichi iliyoanikwa: nyusi imeshuka, shavu limeshuka, pembe ya mdomo inaning'inia. Herufi b na p zikanitoroka, kwa sababu midomo haikukutana na pumzi ilipita upande wa kulia kabla sijaibana. Jina langu mwenyewe nikawa nalitamka Kafula. Pini, ambazo fundi yeyote anazibana midomoni akiwa anampima mtu nguo mwilini, zikawa zinadondoka mojamoja. Siku moja mate yalidondokea gauni jeupe la kipaimara la binti wa watu. Mama yake alisema hamna shida kabisa, akalikunja, akashukuru, na sikumwona tena.

Lakini kilichoniharibia nyumba ni jicho. Jicho la kulia lilikataa kufumba. Mchana lilitoa machozi na kuwa jekundu. Nikilala lilibaki wazi, isipokuwa nikilibandika plasta. Binti yetu Minza alikuwa na miaka kama mitatu wakati huo. Mchana mmoja nilijilaza naye mkekani kwenye chumba cha kushonea, usingizi ukanipitia kabla sijabandika chochote. Akaamka kabla yangu, akaniita. Jicho lilikuwa linamtazama. Akaniita tena, akanivuta sikio, jicho linamtazama tu na mama haitiki. Nilizinduliwa na kelele zake. Alikuwa amejibana nyuma ya cherehani, na nilipomfuata akapiga kelele zaidi. Tangu siku hiyo hakukubali nimlishe wala nimwogeshe. Nikiingia mlangoni anatafuta pa kujificha. Nikimchekea ndio kabisa, maana nusu ya uso ilikuwa inamwita na nusu inamkatalia.

Mama mkwe wangu akavuka ziwa kutoka upande wa Sengerema kuja kunijulia hali. Ni mwanamke mfupi, mkavu, asiyepoteza neno. Alikaa kwetu akapika, akafua, akatazama. Siku ya kuondoka akamfunga Minza mgongoni kwa kitenge.

"Mama, unampeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kwangu. Mtoto hawezi kukua anamwogopa mama yake. Atazoea kuogopa."

"Nitapona, mama."

"Upone," akasema. "Uso ukirudi, na mtoto atarudi."

Masanja alikuwa amesimama palepale. Akatazama ukuta. Mume wangu si mtu mbaya, lakini daima anatafuta kitu cha kutazama. Na mimi sikubishana, kwa sababu Minza pale mgongoni alikuwa ametulia, kitu ambacho sikukiona kwake wiki nzima. Ningemng'oa vipi?

Wanasema uso umeumbwa na haya. Wangu ulipokwenda, haya ilibaki. Nikahamishia cherehani nyumbani kwetu Nyakato, nikawa natoka nimejitanda mpaka shavuni. Kanisani nikaacha kwaya. Kuna aliyesema nimepigwa na upepo mbaya, kuna aliyesema nimetupiwa kitu. Nilichanjwa chale shavuni na mganga mmoja wa Misungwi, na daktari alipoziona akaniuliza ni nini, nikamwambia paka. Wale waliosema Mungu ana makusudi yake niliwaomba wakayasemee kwingine.

Mara kwa mara nilivuka kwenda kumwona Minza. Napanda kivuko Kigongo na gauni jipya kwenye mfuko, nimelishona kwa kukisia, maana vipimo vyake sikuwa navyo tena. Nikifika nakuta limembana kifuani. Fundi mzima, mtoto wangu mwenyewe, gauni halimwenei! Yeye ananisalimia akiwa nyuma ya bibi yake. "Shikamoo, mama wa Mwanza." Ndivyo alivyoniita. Mama ni yule aliyembeba, mimi ni wa Mwanza.

Na kule kulikuwa na jambo jingine. Kwetu Usukumani jicho jekundu lina habari yake. Wapo bibi wengi walioitwa wachawi wakakatwa mapanga kwa sababu ya macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni tu, basi. Mimi sikuwa bibi, lakini niliona jinsi baba mdogo wa Masanja, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alivyokuwa anahamisha kiti chake nikikaa karibu. Kwa hiyo nilikuwa nakaa kidogo, naacha gauni, naondoka.

Benchi la kliniki nalijua kila msumari wake. Watu wakikuona wanasogea, wanadhani wanakupa nafasi. Kuna mzee mmoja wa Ukerewe alikuwa na bomba kooni, hawezi kutoa sauti. Tulikutana pale masika nzima. Yeye hawezi kusema, mimi siwezi kucheka, basi tulikuwa tunaelewana vizuri kuliko watu wazima wa kawaida. Siku moja akamenya chungwa, akanipa nusu, kisha akanionyesha kwa kidole: weka upande wa kushoto. Hakuna ndugu yangu aliyewahi kufikiria hilo. Nililia kwenye lile chungwa. Vuli ilipoanza hakuwepo, na sikuuliza.

Ni kwenye benchi hilo nilipoitwa kuonana na madaktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo, wetu na wageni waliokuja kushirikiana nao. Wakatueleza, mimi na Masanja. Watachukua kipande cha msuli wa paja kwa ndani, wakipandikize shavuni, kisha wakiunganishe na mshipa wa kutafunia, kwa sababu ule wa kuchekea haupo tena.

"Kwa hiyo ukitaka kucheka," daktari akaniambia, "utauma meno. Msuli utavuta mdomo juu."

Masanja akafikiri. "Na akitaka kuuma meno tu?"

"Atacheka," daktari akasema.

Tukacheka wote mle chumbani, mimi kwa nusu yangu. Hakuna aliyelifikiria zaidi.

Nilipasuliwa mvua za vuli zikiwa zimechanganya. Usiogope uso, ogopa paja. Uso ulivimba mpaka masikio yakapotea, lakini lililoniliza ni paja, kila niliposhuka kwenda chooni. Nililala kwa ubavu mmoja mpaka sikio la kushoto likawa na kidonda. Jicho nalo walilishona kidogo pembeni, likaanza kufumba karibu lote. Nesi mmoja aliniosha nywele zilizogandiana damu, kwa maji ya uvuguvugu, bila haraka, huku akimsema mumewe kwa simu aliyoibana begani. Mikono yake ndiyo dawa ninayoikumbuka kuliko zote nilizochomwa.

Kisha kimya. Msuli uliohamishwa haufanyi kazi mara moja, unasubiri mshipa umee ndani yake. Vuli ikaisha, Krismasi ikapita, watu wakapanda mpunga, masika ikaja, shavu limelala. Kila asubuhi nasimama mbele ya kioo nauma meno, hakuna kitu. Nilikuwa na donge shavuni la nyama yangu mwenyewe isiyonijua. Nilikonda. Nilimchukia Masanja kwa sababu mdomo wake ulikuwa unafika pande zote mbili. Siku moja nikiwa najikuna akaniuliza, "Sasa hapo Kabula, unakuna shavu au unakuna paja?" Nikamrushia mkasi. Ulimkosa. Alikuwa anajitahidi, najua, lakini sikuwa na nafasi ya kumwonea huruma mtu mwingine.

Msimu wa pamba ulipoanza, mama mkwe alitutumia michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, vigumu mpaka uvipike au uvitafune kwa ubishi. Miaka yote ile ya ugonjwa nilikuwa naigawa kwa majirani. Siku hiyo njaa ilinishika, nikatia kipande mdomoni kikavu hivyohivyo. Masanja alikuwa anakunywa chai kabla ya kwenda zamu kiwandani. Akaweka kikombe chini.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Tafuna tena, Kabula. Tafuna."

Nikatafuna. Akanishika mkono akanipeleka kwenye kioo. Pembe ya mdomo wangu wa kulia ilikuwa inapanda. Kidogo, inatetemeka, inapanda, inashuka, inapanda. Nilitafuna michembe mpaka fizi zikatoa damu. Masanja hakutazama ukuta siku hiyo, alinitazama mimi.

Mtaalamu wa mazoezi akaniambia kazi ndiyo inaanza. Niume meno kidogo, si yote. Nishikilie, niachie taratibu. Ipo siku, akasema, ubongo utajifunza na nitacheka bila kuuma. "Lakini kwa sasa kila ukitafuna utakuwa unacheka, tena sana. Kula peke yako kwanza." Nikaona hilo dogo. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Nimalize mazoezi, nivuke, nisimame mbele ya mama mkwe, nicheke vizuri pande zote mbili, nimwambie: uso umerudi, nipe mtoto wangu. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. B na p zilikuwa zimeanza kurudi.

Kabla sijamaliza, baba mkwe akafariki. Alianguka shambani, akalala, hakuamka.

Tukavuka na Masanja. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani amejifunga kaniki. Nilimpigia magoti, nikampa pole, akanishika mkono bila kunitazama. Minza alikuwa na watoto wenzake upande wa zizi, amerefuka, ameota meno mapya ya mbele. Sikumwita. Niliona si wakati wake.

Tulipotoka kaburini chakula kikapakuliwa. Akina mama tukakaa kwenye mikeka, sinia kwa sinia, ugali na nyama ya dume la ng'ombe lililochinjwa asubuhi. Hapo ndipo nilipoona shimo lenyewe, nikiwa tayari nimo. Kwa wakwe zako, kwenye msiba, chakula hakikataliwi. Ukikataa, unaogopa nini? Unadhani umewekewa sumu, au wewe ndiye umetenda jambo na unaogopa kula na marehemu? Na mimi na jicho langu nilikuwa nimeshatazamwa tangu getini. Usipokula ni mchawi. Ukila, unacheka.

Nikasema nitakula mchuzi tu. Nikamega ugali kidogo, nikachovya, nikameza bila kutafuna. Shangazi mmoja akaniona. "Kula nyama, mkamwana," akasema, akanisogezea pande. Wanawake wa sinia nzima walikuwa wananitazama. Nikaweka nyama mdomoni.

Dume lilikuwa zee. Nilitafuna, na nikasikia shavu linapanda. Nikainamisha kichwa. Nyama haimezeki. Nikatafuna tena, mdomo ukavutika mpaka jino la pembeni likaonekana. Najua ulivyokuwa, nilikuwa nimeutazama kwenye kioo mara nyingi: si tabasamu, ni kicheko cha mtu aliyefurahishwa. Mazungumzo yakakoma kwenye sinia letu, kisha kwenye sinia la pili.

"Huyu anacheka nini?" mtu akauliza.

Nikafunika mdomo kwa kiganja. Huwezi kufanya kosa kubwa kuliko hilo. Anayefunika mdomo ni anayecheka kweli.

Siku zilizofuata hazikuwa na mwisho. Hakuna aliyenitukana, laiti wangenitukana. Nikienda kisimani wanawake wanakumbuka kazi nyingine. Sufuria niliyoiosha ilioshwa tena. Watoto waliambiwa wasije upande wangu, na Minza akiwa mmoja wao. Nilikuwa namwona kwa mbali, na yeye ananiona, kisha kuna mkono unamvuta. Masanja akaniambia twende kabla ya matanga kuanuliwa. Nikamwambia nikiondoka sasa nimekiri, na mtoto sitamwona tena mpaka aolewe. Nilikuwa naogopa, sisemi uongo. Nililala nimevaa viatu.

Siku ya kuanua matanga, ndugu walipokaa kugawana majukumu ya marehemu, baba mdogo akasema lipo jambo moja. Nikaitwa katikati ya wazee. Masanja akasimama kunieleza. Maskini mume wangu, alieleza kama mtu anayetafuta funguo gizani.

"Ni ugonjwa, baba. Alipasuliwa. Hapa shavuni amewekewa paja."

"Paja la nani?" baba mdogo akauliza haraka.

"La kwake."

"Kwa hiyo unatuambia mkeo alimchekea marehemu kwa paja."

Kuna mtu alikohoa. Nikasimama, nikawaeleza mwenyewe, b na p zangu zikitoka zinavyotaka. Nikawaonyesha kovu mbele ya sikio. La mguuni nikasema akina mama wanaotaka wataliona ndani. Wazee wakatazamana. Maneno hayakuwatosha, niliona. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa amekaa mlangoni na kaniki yake, akasema, "Leteni nyama."

Ikaletwa kwenye kisahani, iliyolala, ya baridi.

"Tafuna," akaniambia.

Nikatafuna. Uso ukacheka.

"Acha."

Nikaacha. Uso ukashuka.

"Tafuna."

Hivyo, mbele ya ukoo mzima, naambiwa tafuna, naambiwa acha. Baba mdogo akasogeza kiti chake karibu, akainama akanitazama shavu, na yeye akasema tafuna. Wengine wakaja. Kuna kijana alitaka kupiga picha, akafukuzwa. Nilitafuna mpaka taya likafa ganzi na nyama ikawa uzi. Nimelazwa mara mbili, nimekatwa uso na mguu, lakini kama kuna siku niliyoumwa ni ile. Mwishoni baba mdogo akajifuta mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu, akasema, "Basi. Ni ugonjwa. Limekwisha." Wakaendelea na habari ya ng'ombe.

Kwangu mimi halikuwa limekwisha. Nikamfuata mama mkwe uani. Alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, na Minza ameshika pindo la kaniki yake kwa nyuma.

"Mama," nikasema, "ulisema uso ukirudi, na mtoto atarudi. Umerudi."

Alikunja nguo moja, akaiweka kwenye beseni. "Nimeuona. Huo si uso, mwanangu. Huo ni mguu. Unacheka ukila. Mtoto akianguka akaumia, na wewe unatafuna, atamwona mama yake anamcheka. Subiri upone."

"Sitapona zaidi ya hapa kesho wala keshokutwa."

"Basi subiri."

Nilikuwa nimepanga maneno mwaka mzima, yakaniisha. Hakuwa mkorofi, alikuwa mjane aliyezika juzi na alikuwa anasema alichokiona. Nikaona kwamba nitaondoka kama nilivyokuja. Machozi yakanijia, nikasema moyoni sitalia, si hapa, si mbele ya mtoto anayeniita mama wa Mwanza. Nikafanya afanyavyo mtu yeyote akitaka kuzuia kilio. Nikauma meno. Niliyauma kwa nguvu zangu zote.

Na uso, mnaujua uso wangu, ukacheka.

Minza hakuwa ameuona kwa karibu. Siku ya chakula alikuwa zizini, kwenye kikao watoto hawaingii. Akachungulia kutoka nyuma ya kaniki. Akanitazama kushoto, akanitazama kulia, kama anayelinganisha. Pande zote mbili zilikuwa zinasema kitu kimoja. Akatoka. Akaja mpaka mbele yangu, nikainama, naye akanyoosha mkono akagusa ile pembe ya mdomo ilipopandia.

"Bibi," akasema, "mama anacheka."

Mama mkwe alikuwa ananitazama. Hakutazama mdomo, alitazama taya, pale chini ya sikio ambapo nyama inatuna mtu akiuma meno. Alikuwa amelitazama taya hilo mchana kutwa, analijua linavyofanya. Alijua kabisa mimi sicheki. Nilisubiri amwambie mtoto.

"Haya," akasema. "Kachukue nguo zako."

Masanja alibaki kumalizia mambo ya ukoo. Tuliondoka wawili, na jirani mmoja aliyekuwa na safari ya Busisi akatufikisha kivukoni kwa gari lake. Njia nzima sikufungua meno. Niliogopa nikifungua uso utashuka, aone amechukuliwa na yule wa zamani, apige kelele turudishwe. Jirani ananipa pole ya msiba, namwitikia kwa kichwa. Maumivu yalitoka tayani yakapanda sikioni, yakazunguka kisogo. Minza alikaa amenigeukia, kifurushi chake mapajani, haondoi macho usoni kwangu.

Daraja lilikuwa bado linajengwa, tukaingia kwenye kivuko. Tukakaa kwenye benchi la chuma pembeni. Nguzo za daraja zikaanza kupita, akazitazama kidogo, kisha akanigeukia.

"Mama, mbona unauma meno?"

Nilidhani mtoto haoni. Sikuwa na jinsi, nikafungua mdomo kumjibu, na uso ukaanguka wote upande wa kulia, mate yakanitoka. "Ili nicheke," nikasema.

Akaniangalia hivyo, uso ulivyolala, jicho jekundu na yote. Nikashika kifurushi chake nikisubiri kelele.

"Umechoka?" akauliza.

"Nimechoka, mwanangu."

"Basi pumzika," akasema, akasogea akaniegemea upande wa kulia, akaendelea kutazama maji.